Karatasi za Moshi wa Mvumilivu

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Mukiri alikuwa amekwisha kupenya kwenye pengo la ua wa kayaba na kusimama katika kiwanja cha ushirika wa maziwa. Ilikuwa Julai ya mwaka 1996, na baridi ya Meru mwezi huo haina mzaha. Hapo Kaaga ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati ya madarasa. Mukiri alikuwa na daftari kwapani na penseli nyuma ya sikio. Mkononi alishika fimbo ndefu yenye kibano cha bati mwishoni, na kwenye kibano hicho kulikuwa na karatasi nyeupe ya mviringo, ndogo kama kifuniko cha kopo la kakao.

Kazi yake ilikuwa kupima moshi.

Serikali ilikuwa imetangaza ruzuku, yaani fedha za msaada zisizorudishwa, kwa vyama vyenye malori ya dizeli. Ruzuku hiyo ingelipia kichujio cha aina mpya kabisa, ambacho hata mafundi wengi hawakuwa wamekiona kwa macho. Kingefungwa kwenye bomba la moshi, nao moshi ungeingia mzito upande mmoja na kutoka mwepesi upande wa pili. Lakini vichujio vilikuwa vichache na mkoa mzima ulivitamani. Kwa hiyo ofisi ya mkoa kule Embu ilitaka kila lori lipimwe moshi kwa siku ishirini na moja, na mpimaji asiwe dereva wala fundi.

Ushirika uliomba msaada kwa shule jirani. Mwalimu Karimi, aliyefundisha sayansi darasa la sita, alimchagua Mukiri kwa sababu mwandiko wake ulisomeka na hakuwa mtoto wa mambo mengi. Barua kutoka Embu haikusema lolote kuhusu binti ya dereva, na hakuna aliyefikiria kuuliza.

Masharti yenyewe yalikuwa rahisi. Lori lipimwe likiwa baridi, halijatembea. Liwashwe, dereva akanyage mafuta, na karatasi ishikwe mdomoni mwa bomba huku mpimaji akihesabu hadi ishirini. Kisha karatasi ilinganishwe na kadi yenye rangi kumi, kuanzia sifuri iliyokuwa nyeupe hadi tisa iliyokuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria ya githeri. Nambari hiyo iandikwe daftarini.

Ushirika ulikuwa na malori manne. Matatu hayakuwa na matata. La nne lilikuwa kuukuu, na juu ya kioo chake cha mbele liliandikwa MVUMILIVU kwa rangi nyekundu, ingawa waliolifahamu walisema mvumilivu hasa ni yule anayetembea nyuma yake. Dereva wake alikuwa Riungu, baba yake Mukiri.

Siku ya kwanza darasa lote la sita lilikuja kutazama. Lori la kwanza lilipata tatu, la pili nne, la tatu tatu. Kisha Riungu akawasha Mvumilivu. Lori lilikohoa, likatikisika, likatoa wingu lililoufunika ua. Mukiri alipoivuta karatasi yake, ilikuwa nyeusi tititi. Nane.

"Haki Mukiri," mwanafunzi mwenzake Mugendi alipaza sauti kutoka kwenye pengo la ua, "baba yako anabeba maziwa ama anachoma makaa?"

Watoto waliangua kicheko. Hata wale wa darasa la kwanza, ambao hawakuelewa chochote, walicheka kwa sababu wakubwa walicheka. Riungu aliyasikia yote akiwa ndani ya lori. Alitazama mbele, akatia gia, akaondoka na mitungi yake mitupu ikigongana. Mukiri aliona uso wa baba yake na moyo ukamuuma sana.

Tena halikuwa jambo la kucheka tu. Darasa la kwanza lilipakana na ua, na kila asubuhi mwalimu wao alifunga madirisha kana kwamba mvua inakuja. Watoto walikohoa hadi mapumziko. Wazazi walikuwa wamelalamika, na mwenyekiti wa ushirika, Mzee Kithinji, alikuwa amesimama mkutanoni na kutoa ahadi. "Lori litakaloendelea kusumbua watoto hadi Desemba, tutaliuza," alisema. "Na dereva wake tutamshukuru."

Kila mtu alijua maana ya kumshukuru dereva. Ni kumpa mkono na kumwambia aende nyumbani.

Sasa, nani angepewa vichujio? Jambo hilo, watu waliona, halikuhitaji kuulizwa. Wanachama wote walikuwa wafugaji, na kila mwaka walipeleka ng'ombe kwenye maonyesho ya kilimo. Huko aliyepewa utepe ni ng'ombe mnene mwenye ngozi inayong'aa. Hakuna aliyewahi kuona utepe ukifungwa kwenye shingo ya ng'ombe mwenye mbavu nje. Basi lori lenye moshi mdogo ndilo lingeshinda. Kweli barua ya Embu ilikuwa na kurasa mbili, lakini Mzee Kithinji aliposoma ukurasa wa kwanza na kuutafsiri, chai ililetwa. Ukurasa wa pili ulikwenda moja kwa moja kwenye faili.

Siku ya pili Mukiri alishika karatasi mdomoni mwa bomba la Mvumilivu. Midomo yake ilihesabu. Alipofika tisa, mkono ulivuta fimbo wenyewe. Karatasi ilitoka na tano. Siku ya tatu alihesabu hadi sita tu, tena akaishika mbali kidogo. Ilitoka na tatu.

Mugendi alichungulia. "Kwani lori limepona?"

"Limepona," Mukiri akajibu, na masikio yakamchemka.

Toka siku hiyo mambo yalikwenda vizuri, ukitazama daftari peke yake. Tatu, tatu, nne, tatu. Mukiri mwenyewe alishangaa kidogo, maana siku nyingine alisahau kuvuta fimbo mapema, na bado karatasi haikutoka nyeusi kama ya siku ya kwanza. Hakulifikiria sana. Alikuwa na mengine ya kumsumbua. Usiku alilala vizuri, lakini kila Mwalimu Karimi alipolipitia daftari na kusema, "Kazi safi, Mukiri," alitamani kuingia chini ya dawati.

Nyumbani nako kulikuwa na kituko kidogo. Baba yake alianza kuondoka mapema mno, kabla hata uji haujaiva.

"Huyu mtu siku hizi anakimbilia wapi?" mama yake alinung'unika akishika kikombe mkononi. "Maziwa ya watu hayajakamuliwa, yeye tayari yuko barabarani!"

Siku ya ishirini na mbili mgeni wa Embu alitarajiwa, na kiwanja cha ushirika kilijiandaa kama bibi harusi. Kilifagiliwa mara mbili. Chapati zilipikwa. Mawe yaliyopangwa kando ya ua yalipakwa chokaa jioni ya kuamkia siku hiyo, yakawa meupe kuliko meno. Malori matatu mazuri yalioshwa na kupangwa mbele. Mvumilivu lilipelekwa pembeni kabisa, mkia wake ukielekea uani, ili mgeni asianze nalo.

Wote walimngojea bwana mwenye tai na mkoba. Akashuka mama mmoja kwenye Land Rover ya kijani, amevaa ovaroli na viatu vya ngozi vyenye matope.

"Hamjambo? Mimi naitwa Injinia Wanjira," alisema. "Chapati nitakula, msijali. Lakini kwanza nionyesheni daftari."

Alisoma ukurasa kwa ukurasa, akipiga hesabu kwa kidole. Mzee Kithinji alisimama nyuma yake akitabasamu. Riungu na madereva wenzake walisimama pamoja. Mwalimu Karimi alikuwa ameleta darasa zima la sita.

"Hongereni," Injinia Wanjira alisema mwishowe, akifunga daftari. "Malori yenu yote yana afya. Tatu, nne, tatu, tatu. Basi hamhitaji kichujio. Nitakipeleka kwingine."

Tabasamu la Mzee Kithinji lilibaki usoni, lakini halikuwa na kazi tena. "Kwingine? Lakini Madam, si tumepita?"

"Mmepita nini, Mzee?"

"Mtihani. Moshi wetu ni kidogo."

Injinia aliingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa nakala ya barua na kuigeuza upande wa pili. "Hapa. Ruzuku ni ya lori lenye wastani wa sita kwenda juu. Serikali inataka kutibu malori yanayoumiza watu. Yasiyo na shida ya nini kuyatibu?"

"Lakini kwa maonyesho," Mzee Kithinji alijitetea, "ng'ombe aliyekonda hapewi utepe."

Injinia alicheka, kicheko kizuri kisicho na dharau. "Haya si maonyesho, Mzee wangu. Hii ni zahanati. Huwezi kufika kwa daktari ukasema u mzima, halafu ukakasirika amekunyima dawa."

Mwalimu Karimi aliinua mkono. "Mimi kuna kitu sielewi. Kama Mvumilivu lina tatu, mbona darasa la kwanza bado tunafunga madirisha? Hata leo tumefunga."

Madereva walitazamana. Mzee Kithinji alijikohoza. "Mwalimu, tulisema na tutatimiza. Hakuna kichujio. Desemba Mvumilivu litauzwa. Riungu anajua."

Riungu alivua kofia yake taratibu, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa ameendesha lori hilo miaka kumi na moja. Mukiri alimtazama baba yake, kisha akaitazama fimbo yake, na akajua kwamba akinyamaza sasa atanyamaza maisha yake yote. Akainua mkono kama yuko darasani.

"Madam, daftari ni la uongo," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akarudia. "Nambari za Mvumilivu ni za uongo. Siku ya kwanza ni kweli, nane. Hizo zingine sikuwa nahesabu mpaka ishirini. Nilikuwa navuta karatasi mapema. Nilidhani likipata nambari kubwa litauzwa."

Mzee Kithinji akalipuka. "Mtoto huyu! Unatuaibisha mbele ya mgeni!"

"Ngoja, Mzee," Injinia alisema. Alitembea hadi nyuma ya Mvumilivu, akainama. "Toka nishuke garini nimekuwa nikijiuliza habari ya haya mawe. Chokaa mlipaka lini?"

"Jana jioni," mtu mmoja akajibu.

Mawe yote ya uani yalikuwa meupe, isipokuwa manne yaliyokuwa nyuma ya bomba la Mvumilivu. Hayo yalikuwa meusi kama mafiga. Lori lilikuwa limewashwa mara moja tu asubuhi hiyo, ili lisogezwe pembeni. Mugendi alitaka kucheka, akamtazama Mukiri, akaacha.

Hapo Riungu alipiga hatua moja mbele. "Madam, usimlaumu mtoto peke yake. Na mimi nimekosa."

Mukiri aligeuka kwa mshangao.

"Najua masharti yanasema lori liwe baridi," Riungu aliendelea, akiikunja kofia. "Lakini mimi nilikuwa nakuja saa kumi na mbili. Naliwasha, nalizungusha mpaka Makutano na kurudi, ndipo napaki hapa. Injini ikishapata moto, moshi unapungua. Mtoto akifika na karatasi yake anadhani ndiyo kwanza nimewasha." Alimwonyesha binti yake kwa kofia. "Siku ile ya kwanza niliona vile walimcheka. Sikutaka achekwe tena kwa sababu yangu."

"Baba!" Mukiri alisema, machozi yakimlengalenga. "Na mimi sikutaka wakucheke wewe."

Walisimama wakitazamana, kila mmoja akigundua kwamba wiki tatu nzima alikuwa akidanganywa na mtu aliyekuwa akimdanganya. Injinia Wanjira alitoa kitambaa, akajifanya anafuta matope mkononi. Kisha akawa mtu wa ofisi tena.

"Sikilizeni. Daftari hili siwezi kulipokea. Lote. Nikiona kurasa chache zina uongo, nitaziaminije zile nyingine?"

Madereva wengine walinung'unika, na walikuwa na haki, kwa maana nambari zao zilikuwa za kweli.

"Ijumaa ya wiki ijayo ndiyo mwisho wa kupokea maombi," aliendelea. "Nikipata siku saba za kupima upya, zilizo sawasawa, zikiwa mezani kwangu Embu kabla ya saa sita mchana, nitaziangalia. Zisipofika, kichujio hakitawangoja."

"Na nani atapima?" Mzee Kithinji aliuliza. "Si huyu tena!"

Injinia alimnyooshea Mukiri daftari. "Ametoa ukweli bila mtu kumuuliza, na ameutoa mbele ya watu wote. Aandike yeye. Lakini fimbo ishikwe na mtoto mwingine, kuhesabu kuwe kwa sauti, na Mwalimu atie sahihi kila asubuhi. Na wewe, Bwana Riungu, kunywa uji nyumbani kwako kama watu wengine."

Kesho yake fimbo ilishikwa na Mugendi, ambaye alijitolea kabla hajaombwa. Mukiri alihesabu kwa sauti ambayo ilisikika hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Alipotaja ishirini, Mugendi alivuta karatasi. Nane. Watoto wachache walicheka. Siku ya pili ilikuwa nane tena, na waliocheka walikuwa wawili. Siku ya tatu baridi ilikuwa kali kupita kiasi, na karatasi ilitoka nyeusi hata kadi haikutosha kuipima vizuri.

"Ngapi leo?" Riungu alipiga kelele kutoka dirishani mwa lori.

"Tisa, Baba!"

"Hiyo ndiyo yetu!" alijibu, na safari hii watu wote walicheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Mukiri alishangaa kuona kwamba kile alichokiogopa wiki tatu kilikuwa kimepita kwa siku tatu tu, tena bila kumvunja mtu mguu.

Daftari jipya lilifika Embu Ijumaa saa nne asubuhi. Mzee Kithinji alilipeleka mwenyewe, akiwa amesoma ukurasa wa kwanza na wa pili wa kila karatasi iliyokuwemo, hata zile zilizokuwa tupu upande wa nyuma.

Mwishoni mwa Septemba Mvumilivu lilikaa Embu kwa siku tatu. Liliporudi lilikuwa na kitu kama debe la chuma tumboni, karibu na bomba la moshi, na pampu yake ya dizeli ilikuwa imetengenezwa upya. Asubuhi iliyofuata wanachama walijaa kiwanjani. Riungu aliwasha lori. Lilikohoa kwa mazoea, kisha likanguruma vizuri. Wingu lile halikutokea. Mugendi alishika fimbo, Mukiri akahesabu polepole, mpaka ishirini kamili.

Karatasi ilikuwa ya kijivu. Waliilinganisha na kadi mara mbili. Tatu.

Watu walipiga makofi. Mzee Kithinji aliinama sikioni mwa Mukiri. "Andika mbili, binti yangu. Imekaribia mbili kabisa. Kule Embu watafurahi."

Mukiri alitazama karatasi, akatazama kadi, akaandika tatu.

"Ni tatu, Mzee," alisema kwa heshima. "Nikiandika mbili leo, siku kichujio kikianza kuziba tutajuaje?"

Mzee Kithinji alicheka hadi kofia ikamwanguka. "Mwalimu," alimwambia Mwalimu Karimi, "huyu mtoto msimwachie aende mbali. Tutamhitaji ofisini."

Mwalimu Karimi aliwageukia wanafunzi wake. "Mmesikia? Wiki tatu tulikuwa na nambari nzuri, na hazikumfaa mtu yeyote. Watoto waliendelea kukohoa, na lori lilikuwa njiani kuuzwa. Nambari mbaya ndizo zilizotuletea dawa, kwa sababu zilikuwa za kweli. Shida yako ukiificha, hata anayetaka kukusaidia hataiona. Iseme ilivyo, hata kama watu watacheka. Watacheka siku mbili tatu, kisha watachoka."

Kengele ililia. Watoto walikimbia kupitia pengo la ua, na Mukiri alikuwa wa mwisho kwa sababu baba yake alikuwa amemwita. Riungu alimwonyesha kitu alichokibandika kwa gundi mbele ya usukani. Ilikuwa karatasi ya siku ya tatu, ile nyeusi ya tisa, aliyoiomba kwa Mwalimu Karimi.

"Baba, si utachekwa nayo?"

"Acha wacheke," Riungu alisema, akitia gia. "Hii ndiyo iliyoniokolea kazi yangu."

Mvumilivu liliondoka likipita kando ya ua, na mitungi yake ikagongana kama kawaida. Ng'ambo ya ua, mwalimu wa darasa la kwanza alisimama kwenye dirisha akilitazama hadi likatoweka. Kisha akafungua madirisha yote, moja baada ya jingine, na watoto wakaanza kusoma.